Bakteria wa kupima sumu ya mazao: Mavuno bora si wingi

MKULIMA wa mboga anayepulizia dawa Jumatatu na kuvuna Ijumaa hana namna ya kuona kwa macho kama sumu imekwisha kwenye jani. Mnunuzi sokoni naye haoni. Anayeweza kuona ni mtaalamu wa maabara, ambaye mara nyingi yuko mbali na shamba, na majibu yake hufika wakati mzigo umekwishapakiwa au umekwishaliwa.

Pengo hilo lina gharama. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya shehena za maharage machanga na njegere za maganda kutoka Kenya, baada ya kukutwa mabaki ya kiuatilifu cha dimethoate yaliyozidi kiwango. Kiwango chenyewe kilikuwa miligramu 0.02 tu kwa kila kilo ya maharage. Ukaguzi wa ziada unalipiwa, na mboga mbichi haisubiri karatasi. Kila siku inayopita bandarini au uwanja wa ndege inapunguza bei yake.

Masharti yameendelea kubana. Mwaka 2020 Ulaya iliondoa sokoni kiuatilifu cha chlorpyrifos, na kiwango cha mabaki yake kwenye mazao kikashushwa hadi miligramu 0.01 kwa kilo. Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliamua kukiingiza kiuatilifu hicho katika orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, kukiwa na misamaha kwa baadhi ya matumizi.

Dawa hizo zote mbili ni za kundi moja, la viuatilifu vyenye fosforasi, ambavyo huua wadudu kwa kuvuruga mfumo wa fahamu. Mfumo huo huo ndio unaodhurika kwa binadamu anayepulizia bila kujikinga au anayekula mboga yenye mabaki mengi.

Ndiyo maana wanasayansi wametafuta kwa miaka mingi kipimo cha haraka na cha bei nafuu kinachoweza kutumika karibu na shamba. Mojawapo ya njia walizojaribu ni kihisi-hai, yaani kifaa ambacho ndani yake kuna kiumbe hai, au sehemu yake, kinachoitambua sumu, na kando yake kuna chombo kinachogeuza utambuzi huo kuwa namba ya kusomwa.

Walitoka kwenye jaruba la mpunga

Habari hii inaanzia Ufilipino. Mwaka 1973 watafiti Sethunathan na Yoshida, wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, waliripoti kuwa wamepata bakteria katika maji ya jaruba lililokuwa likipuliziwa dawa ya diazinon. Bakteria hao walikuwa na uwezo wa kuivunja dawa hiyo, na hata parathion, ambayo ni kali zaidi.

Baadaye ilibainika kuwa uwezo huo unatokana na kimeng'enya kimoja kinachofupishwa OPH, na kwamba jeni inayokitengeneza iko pia kwa bakteria mwingine wa udongo aliyepatikana kwingine kabisa. Kimeng'enya hicho hukata kifungo kimoja ndani ya sumu kwa kutumia maji. Sumu inabaki vipande viwili, na katika kukatwa huko asidi kidogo inatolewa. Kwa dawa za jamii ya parathion, kipande kimoja kina rangi ya manjano.

Hapo ndipo biashara ya upimaji ilipoona mlango. Kama sumu ikikatwa inatoa asidi, basi kipimo cha kawaida cha uchachu, ambacho kipo katika maabara nyingi za shule, kinaweza kusema sumu ilikuwa kiasi gani. Na kama inatoa rangi ya manjano, basi mwanga unaweza kufanya kazi hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba kukisafisha kimeng'enya peke yake ni kazi ghali. Kikundi cha watafiti cha Chuo Kikuu cha California, Riverside, wakiwamo Ashok Mulchandani na Wilfred Chen, kilichukua njia nyingine. Kilihamishia jeni hiyo ndani ya Escherichia coli, bakteria anayefahamika sana maabara, na kumfanya akitoe kimeng'enya nje na kukipachika juu ya ngozi yake.

Sababu ya kukipachika nje ni rahisi kueleweka. Kimeng'enya kikikaa ndani, sumu lazima kwanza ipenye utando wa bakteria, na utando huo unaichelewesha. Ni sawa na kuweka mizani ya kijiji ndani ya ghala lenye mlango mmoja mwembamba, foleni itakuwa nje. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997, zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya kimeng'enya ilikutwa juu ya ngozi ya bakteria, na kasi ya kuvunja parathion ilikuwa mara saba ya ile ya bakteria waliokuwa na kiasi kama hicho cha kimeng'enya ndani.

Mwaka uliofuata, 1998, kikundi hicho kiliwaweka bakteria hao kwenye ncha ya kipimo cha uchachu na kupata kihisi kilichoweza kupima baadhi ya dawa hizo hadi maikromoli 2 kwa lita.

Kuwakuza si kuwanenepesha

Anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kuwa jeni ikishaingia kazi imekwisha. Kwa kweli hapo ndipo kazi ya gharama inapoanza, kwa sababu bakteria wenye jeni ile ile wanaweza kutoa kihisi kizuri au kibovu kulingana na walivyokuzwa.

Escherichia coli akipata chakula cha kutosha na joto la nyuzi 37 anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Kwa hesabu hiyo, bakteria mmoja baada ya saa saba anaweza kuwa na uzao wa zaidi ya milioni mbili. Mtu anayependa mavuno makubwa atavutiwa na kasi hiyo. Lakini mwenye kihisi hanunui wingi wa bakteria. Ananunua nguvu ya kimeng'enya kilicho juu ya kila mmoja wao, na ananunua uhakika kwamba mkupuo wa mwezi huu utafanana na wa mwezi uliopita.

Malengo hayo mawili hugongana. Kutengeneza protini ya kigeni na kuisukuma hadi nje ya ngozi ni mzigo kwa bakteria. Akilazimishwa kuitengeneza kwa kasi kubwa, protini nyingi hujikunja vibaya na kuganda ndani bila kufanya kazi, utando wake hulegea, na wengine hufa. Kwa hiyo wakuzaji wengi wa protini za aina hii huwaacha bakteria waongezeke kwanza, kisha hushusha joto hadi nyuzi 30 au chini ya hapo wakati wa kutengeneza kimeng'enya. Wanakuwa polepole, lakini kazi yao inakuwa safi.

Jambo la pili ni kichocheo. Katika mifumo mingi jeni iliyopandikizwa hulala mpaka iamshwe kwa kemikali, na inayotumika sana ni IPTG. Kidogo mno hakiamshi vya kutosha. Kikizidi, bakteria wanaelemewa, na fedha inapotea, kwa kuwa kemikali hiyo si ya bei rahisi. Wakati wa kuitia nao una uzito wake. Ukiwahi sana, bakteria bado ni wachache, na ukichelewa, chakula kimekwisha na wamechoka.

Tatu ni madini. Kimeng'enya cha OPH hakifanyi kazi bila chembe mbili za madini katikati yake. Kwa asili hubeba zinki, lakini kikipewa kobalti kinafanya kazi kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana chumvi ya kobalti huongezwa kwenye mchuzi wa virutubisho. Hata hivyo, kobalti ni sumu kwa bakteria ikizidi, hivyo kipimo chake kinahitaji uangalifu kama ule wa mkulima anayetumia boroni shambani. Upungufu unapunguza mavuno, na wingi unaunguza.

Nne ni sukari na hewa. Escherichia coli akipewa sukari nyingi kwa mara moja hutoa asidi ya siki, ambayo huchachusha mchuzi na kumdumaza yeye mwenyewe. Wakuzaji huilisha kidogo kidogo, huongeza chumvi za kuzuia uchachu usibadilike ovyo, na huacha nafasi kubwa ndani ya chupa inayotikiswa ili oksijeni iingie.

Tano ni kuhakikisha jeni haipotei. Mara nyingi jeni hiyo hubebwa kwenye kipande kidogo cha vinasaba kiitwacho plasmidi, na bakteria aliyepoteza plasmidi huwa mwepesi na huzaana haraka kuliko wenzake. Bila kinga, baada ya vizazi kadhaa chupa inaweza kujaa wavivu. Kinga ya kawaida ni kutia antibiotiki ambayo ni wenye plasmidi pekee wanaoistahimili.

Kosa la chupa laonekana kwenye kipimo

Ugumu mwingine ni kwamba kihisi chenyewe kinapima uchachu, na bakteria aliye hai naye hutoa uchachu wake anapokula na kupumua. Akiingia kwenye kihisi akiwa na mabaki ya sukari, namba itapanda hata kama kwenye mboga hakuna sumu. Ndiyo sababu baada ya kuvunwa bakteria huoshwa, kisha huwekwa katika maji yasiyo na chakula.

Maji hayo nayo yana masharti. Yakiwa na chumvi nyingi za kuzuia uchachu, yataimeza asidi inayotolewa na sumu na kipimo hakitaona kitu. Watafiti wa Riverside walipata matokeo mazuri kwa chumvi hafifu ya milimoli 1 tu kwa lita, katika pH ya 8.5. Mtu anayeangalia gharama ataona somo hapa: hali nzuri ya kukuza bakteria na hali nzuri ya kuwatumia si kitu kimoja, na bajeti inayosahau mojawapo haijakamilika.

Hesabu ya majaribio

Mambo matano yakishajulikana, swali ni namna ya kupata mchanganyiko ulio bora bila kufilisika. Tuseme kila jambo lina viwango vitatu vya kujaribu. Michanganyiko yote ni 243. Kila mmoja ukirudiwa mara tatu ili kupata wastani, chupa zinakuwa 729. Maabara inayoweza kukuza chupa sita kwa siku itahitaji zaidi ya siku 120 za kazi, pamoja na mishahara, umeme na kemikali za muda wote huo.

Wengi hukimbilia njia ya mkato ya kubadili jambo moja huku mengine yakiachwa palepale. Njia hiyo ni rahisi, lakini inadanganya pale mambo yanapotegemeana. Kiasi cha kichocheo kinachofaa katika nyuzi 37 huenda kikawa kidogo mno katika nyuzi 30. Mkulima analijua hili bila kufundishwa. Mbolea inayozaa shamba lenye maji inaweza kuunguza shamba lenye ukame, kwa hiyo huwezi kusema mbolea kiasi gani inafaa kabla ya kuuliza habari za maji.

Jambo la kufurahisha ni kwamba dawa ya tatizo hilo ilitoka shambani. R. A. Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, ndiye aliyejenga misingi ya kubadili mambo kadhaa kwa pamoja kwa mpangilio unaowezesha kutenganisha mchango wa kila moja. Mwaka 1946 Plackett na Burman walitoa mpango unaoweza kuchuja hadi mambo 11 kwa majaribio 12. Mwaka 1951 Box na Wilson walieleza namna ya kupanda hatua kwa hatua kuelekea kwenye hali bora.

Kwa njia hizo, maabara inaweza kuchuja kwanza kwa chupa 12, ikabakiza mambo matatu yenye uzito, kisha ikayachunguza kwa mpango wa chupa 15. Jumla ni chupa 27 badala ya 729. Hata zikiongezwa za kuhakiki, ni kazi ya siku chache.

Kuna tahadhari moja. Hesabu ikionyesha kilele cha nguvu, si lazima hapo ndipo pa kusimama. Kilele chembamba, ambacho joto likipungua kwa nyuzi mbili nguvu inashuka nusu, hakifai kwa maabara ambayo umeme unakatika. Afadhali uwanda mpana ulio chini kidogo ya kilele, ambapo mabadiliko madogo hayaharibu mkupuo.

Uhakika una thamani gani?

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kituo cha kukusanyia mboga kinapokea mizigo 200, na 10 kati yake ina mabaki yaliyozidi. Kihisi kinakamata tisa katika kila kumi ya mizigo mibaya, na kinashuku kimakosa mmoja katika kila kumi ya mizigo mizuri. Kitanasa mizigo mibaya tisa na kushuku mizuri 19, jumla 28. Hiyo 28 ndiyo itakayopelekwa maabara kubwa badala ya yote 200, na mzigo mbaya mmoja utapita.

Sasa mkupuo wa bakteria ukiwa dhaifu, kihisi kikakamata mitano tu katika kumi, mizigo mibaya mitano itapita kimya kimya. Kituo kitakuwa kimelipia kifaa na bado kitarudishiwa shehena. Hasara hiyo haitokani na jeni wala na kipimo, bali na chupa iliyokuzwa vibaya wiki tatu kabla. Hivyo gharama ya kuboresha ukuzaji ilinganishwe na bei ya shehena inayorudishwa, si na bei ya kobalti na sukari.

Mipaka yake

Haitakuwa haki kukisifia kifaa hiki bila kutaja kinachokishinda. Maikromoli 2 za paraoxon kwa lita ni sawa na miligramu 0.55 kwa lita. Ukilinganisha na kiwango cha Ulaya cha miligramu 0.01 kwa kilo, kihisi cha mwaka 1998 kinapitwa zaidi ya mara 50. Kinaweza kusaidia kupima maji yaliyooshea mabomba ya kupulizia au dawa iliyomwagika, lakini hakiwezi kuidhinisha maharage ya kwenda nje.

Maendeleo yalikuja kwa kubadili bakteria. Mwaka 2005 kikundi hicho hicho cha Riverside kilitumia Pseudomonas putida, ambaye kwa asili hula kipande cha manjano cha parathion na kutumia oksijeni anapokila. Kwa kupima oksijeni badala ya uchachu, kihisi kiliweza kuona kiasi kidogo zaidi cha sumu. Hata hivyo kinahisi tu dawa zenye kipande hicho, kama parathion na jamaa zake.

Chlorpyrifos, ambayo ndiyo inayowasumbua wakulima wengi zaidi, hukatwa polepole sana na OPH ya asili. Mwaka 2004 Chen na wenzake walichuja mabadiliko ya jeni hadi wakapata aina iliyoikata kwa ufanisi mara 725 zaidi. Dimethoate, iliyoliza wauzaji wa Kenya, ina kifungo cha salfa ambacho kimeng'enya hiki hakikiwezi vizuri. Hakuna bakteria mmoja anayenusa kila sumu.

Kuna pia suala la sheria. Bakteria hawa wamebadilishwa vinasaba. Kenya ina sheria ya usalama wa bayoteknolojia ya mwaka 2009, na Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka huo huo chini ya sheria ya mazingira. Anayetaka kuwaleta lazima apitie huko. Unafuu mmoja ni kwamba ukataji unaofanywa na OPH iliyoko juu ya ngozi hauhitaji bakteria awe hai, kwa hiyo kihisi cha kupima uchachu kinaweza kutengenezwa kwa bakteria waliouawa mradi kimeng'enya hakijaharibika. Kile kinachopima oksijeni hakina nafasi hiyo, maana kinategemea bakteria anayepumua.

Wa kuulizwa ni nani?

Kwa sasa majibu yanayokubalika kisheria bado yanatoka kwenye mashine kubwa za maabara, zikiwamo za KEPHIS nchini Kenya, na kwa Tanzania kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za iliyokuwa TPRI, Arusha. Kihisi-hai kinafaa kuwa mchujo wa kwanza kabla ya huko, hakichukui nafasi yake.

Chama cha ushirika au kampuni itakayoletewa kifaa cha namna hii iulize maswali manne kabla ya kutoa fedha. Kinahisi dawa zipi hasa kati ya zile zinazopuliziwa na wakulima wake? Kiwango cha chini kinachoweza kuonekana ni kipi, na kinalinganaje na kiwango cha soko analouzia? Mikupuo mingapi ya bakteria imepimwa, na inatofautiana kwa kiasi gani? Na bakteria hao wanakaa muda gani, katika joto gani, kabla nguvu haijashuka?

Muuzaji asiye na jibu la swali la tatu hajamaliza kazi yake ya maabara, hata kama kifaa chake kinang'aa.

Wakati hayo yakisubiriwa, kinga ya bei rahisi kuliko zote imeandikwa kwenye lebo ya chupa ya dawa. Ni idadi ya siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Mkulima anayeziheshimu, na kuandika kwenye daftari tarehe aliyopulizia na jina la dawa, anapunguza sumu kabla haijahitaji kupimwa. Daftari hilo ndilo pia litakaloonyesha, siku kifaa kitakapofika, ni sumu ipi ya kutafuta.